Jumuiya, kwaya, Legio au halmashauri: ujitolee wapi parokiani?

Ukikaa kanisani mpaka matangazo yaishe, utasikia wanaitwa watu wa kila namna. Wanakwaya wabaki, Legio ya Maria, chama cha sala na kutembelea watu, wakutane nyuma ya groto, pango la Bikira Maria, wenyeviti wa jumuiya wapite ofisini, kamati ya ujenzi isiondoke. Aliyehamia karibuni, au aliyeamua kwamba mwaka huu hataishia kuja Misa na kurudi nyumbani, anabaki hajui ashike lipi. Mara nyingi anafuata alikoalikwa na rafiki, anakaa miezi michache, kisha anapotea kimyakimya.

Nazungumzia parokia ya Kikatoliki ya mjini hapa Tanzania, maana ndiyo ninayoifahamu. Mlutheri atakuta baadhi ya kazi hizi kwake zimeshikwa na wazee wa kanisa, na Mwanglikana ana Umoja wa Akina Mama ulioanza Uingereza mwaka 1876, ila taratibu za kwao ni nyingine na sitazichanganya hapa.

Sipimi huduma ipi ni takatifu kuliko ipi. Napima kwa maswali ya kawaida kabisa. Inakula saa zipi za wiki yako? Inatoa kiasi gani mfukoni? Inataka nini kwako, sauti, miguu, kichwa au uvumilivu? Na siku usipotokea, nini kinaharibika? Hili la mwisho watu hawaliulizi, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua nani atadumu na nani ataondoka na manung'uniko.

Jumuiya haimo kwenye mashindano

Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo usiilinganishe na chama chochote. Ndiyo anwani yako. Ukienda ofisini kuandikisha mtoto ubatizo, kupanga ndoa au kumwomba padre kwa ajili ya mazishi, utaulizwa kwanza unasali jumuiya gani na mwenyekiti wako ni nani. Watu hulalamika kwamba huo ni urasimu. Upo kidogo, lakini parokia yenye maelfu ya waamini haiwezi kumjua kila mtu kwa jina, na nyumba 15 au 20 za mtaa mmoja zinaweza. Ndivyo walivyowaza maaskofu wa Kongo walipoelekea huko mwaka 1961, na ndivyo walivyowaza wale wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa ukanda wetu, walipolizungumza Nairobi mwaka 1973 na kulifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976.

Dar es Salaam jumuiya nyingi husali Jumamosi alfajiri, mnamo saa 12 na nusu, kwa zamu nyumba hadi nyumba. Mnasoma Injili ya Jumapili, mnashirikishana tafakari, mnaombea wagonjwa, kisha matangazo na michango. Kwa saa moja hivi mmemaliza, na anayefungua duka saa 2 hajachelewa. Gharama yake ni ndogo ndogo lakini haikatiki: rambirambi, pole ya mgonjwa, mchango wa ujenzi, zamu ya kusafisha kanisa.

Ukikosa wiki moja hakuna kitakachosimama. Ukikosa mwaka mzima, daftari la mahudhurio litasema, na litasema siku ile unapohitaji barua.

Kuna jumuiya ambazo tafakari ni dakika 5 na michango dakika 40. Najua zinavyochosha. Hata hivyo sijaona kikundi kingine chochote parokiani ambacho mtu mmoja anaweza kukibadilisha kwa urahisi hivyo. Akija aliyesoma somo nyumbani jana yake, akauliza swali la maana, mazungumzo yanageuka siku hiyohiyo. Na kama huna nafasi ya zaidi, kuwa katibu wa jumuiya kunatosha. Ni kazi isiyo na heshima kubwa: kuandika, kukumbusha, kufuatilia nani amelazwa wapi. Asiyeipenda kwaya wala chama, lakini akaifanya kazi hiyo vizuri, hana deni na mtu.

Kuanzia hapa ndipo kuchagua kunapoanza.

Kwaya na mimbari

Huduma hizi mbili zote ni za Misa na zote zinahitaji sauti, lakini maisha yake ni tofauti kabisa.

Kwaya ni mazoezi ya jioni, mara 2 au 3 kwa wiki. Juma Kuu likikaribia, karibu kila siku. Parokia kubwa huwa na kwaya kadhaa, kila moja na Misa yake, kwa hiyo kabla ya kupenda sare, uliza kwaya hiyo inaimba Misa ya saa ngapi na mazoezi yanaisha saa ngapi. Kutoka kanisani saa 3 usiku na kutafuta daladala ni jambo la kufikiria. Mwalimu atakupima sauti na kukupanga ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Kama hujui nota za solfa, utazijulia hapohapo, na wengi wetu tuliozijua tulijifunza hivyo.

Pesa ya kwaya watu huigundua wakiwa wameshaingia. Sare si moja. Kuna mchango wa kinanda, wa safari ya kuimba parokia nyingine, wa kurekodi, wa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia tarehe 22 Novemba. Si vibaya, lakini mweka hazina aulizwe mapema, na akuambie kwa mwaka, asikuambie kwa tukio.

Ukikosa Jumapili moja na sauti ya nne mko watatu, kila mtu kanisani atasikia pengo. Kwa sababu hiyo simshauri muuguzi, mlinzi, dereva wa masafa marefu au yeyote anayefanya kazi kwa zamu ajiunge na kwaya, hata kama anaimba kama malaika. Ataishi kwa kuomba radhi.

Kwa mgeni wa mji, ambaye hana ndugu wala jirani anayemfahamu, kwaya ndiyo dawa kuliko vyote nilivyotaja na nitakavyovitaja. Wanakwaya wanakula pamoja, wanachambana pamoja, ukioa wanakuimbia, ukifiwa wanakesha kwako. Hakuna kundi jingine litakalokufanya mtu wa nyumbani haraka hivyo.

Msomaji wa masomo hana hayo. Yuko peke yake mbele ya mimbari kwa dakika 2 au 3, akimaliza anarudi kwenye benchi lake. Anachokipata ni ratiba. Inabandikwa mwezi mzima, akiona hatakuwepo anabadilishana na mwenzake, na Misa inaendelea bila mtu kujua. Gharama yake ni nguo nadhifu na jioni moja ya kujiandaa. Masomo ya Jumapili yanazunguka kwa miaka 3, mwaka A, B na C, kwa hiyo aliyesoma kwa muda mrefu anakutana tena na maandiko yaleyale na kuyaelewa zaidi. Mtihani wake mkubwa ni Mkesha wa Pasaka, wenye masomo 7 ya Agano la Kale kabla hata ya kufika kwenye Waraka, ingawa parokia nyingi huyapunguza.

Wanaoharibu usomaji ni wanaodhani kwamba kusoma ni kupaza sauti, na wale wanaokutana na jina gumu kama Melkisedeki kwa mara ya kwanza wakiwa wameshasimama mbele za watu. Kama kamati ya liturujia ya parokia yako haifanyi mazoezi ya wasomaji, omba yafanyike.

Akina mama wameshasoma kwenye mimbari zetu miaka mingi. Hata hivyo ni Januari 2021 tu ambapo Papa Fransisko alirekebisha sheria ya Kanisa ili na wao waweze kuwekwa rasmi katika huduma ya usomaji na ya altare, jambo ambalo hapo awali lilikuwa la wanaume peke yao.

Legio na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo

Hapa ndipo watu huchanganya zaidi, maana kwa nje mambo yanafanana. Vyote viwili vinakutana kwa utaratibu maalumu, vinatuma watu wawili wawili kwenda majumbani, vinatembelea wagonjwa na waliosahaulika. Mtu anaingia kimoja akidhani ni sawa na kingine. Si sawa, na tofauti kubwa imo kwenye kile unachobeba mkononi unapobisha hodi.

Legio ya Maria ilianzishwa Dublin, Ireland, tarehe 7 Septemba 1921 na Frank Duff, mtumishi wa serikali. Huku kwetu ilienezwa na Edel Quinn, mwanamke wa Ireland aliyefika Nairobi mwaka 1936 huku kifua kikuu kikiwa kimeshamdhoofisha. Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, Nyasaland na hata Mauritius akianzisha vikundi, akafariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944 akiwa na miaka 36. Legio mpaka leo ina ukakamavu wa watu kama hao. Kikundi chake, presidio, kinakutana kila wiki, siku ileile, saa ileile, mbele ya meza yenye sanamu ya Bikira Maria, mishumaa na maua. Rosari inasaliwa, kisha kila mmoja anatoa ripoti ya kazi aliyopangiwa wiki iliyopita, kwa sauti, mbele ya wenzake. Kazi hiyo isipungue saa 2 kwa wiki. Kabla ya kuweka ahadi unapitia miezi 3 ya majaribio.

Na kwa mujibu wa mwongozo wao, Legio haitoi msaada wa mali. Hakuna sukari, hakuna unga, hakuna pesa ya dawa. Mwanzoni hilo linaonekana ukatili, hasa mtaani kwetu ambako kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu ni aibu. Lakini fikiria wanakokwenda: kwa aliyeacha sakramenti miaka 10, kwa wanaoishi bila ndoa ya kanisani, kwa aliyegombana na paroko. Watu hao wakianza kutarajia kilo mbili za unga, mlango utafunguliwa kwa sababu ya unga, na mazungumzo hayatakuwa ya kweli tena. Wakikuta shida ya njaa, wanaipeleka kwa wanaohusika nayo.

Wanaohusika nayo ni hao Vinsenti. Chama chao kilianza Paris mwaka 1833, kikiwa na vijana wa chuo kikuu akiwemo Frédéric Ozanam, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 20. Walikuwa wamechoka kubishana kuhusu imani na wakaamua kwenda kwa maskini. Kazi yao ni hiyohiyo hadi leo: kumtembelea mwenye shida nyumbani kwake, kumsikiliza, kisha kusaidia kwa kodi, chakula, dawa au ada. Wanapokutana hupitishwa mchango wa siri. Kila mtu anatia mkono, na hakuna anayejua mwenzake ametia nini au hajatia kitu. Napenda sana utaratibu huo. Mwenye mshahara mkubwa na mama anayeuza maandazi wanakaa meza moja bila mmoja kumwonea haya mwingine.

Basi uende wapi? Jiulize unavyokuwa ukitoka kwenye nyumba ya mtu mwenye dhiki. Kama huwezi kulala mpaka umeacha chochote, Legio itakutesa, nenda Vinsenti. Kama unajua kusali na mtu, kukaa naye kimya, kurudi wiki ijayo na ijayo tena hata akikufungia mlango, Legio inakuhitaji. Vinsenti wana uchungu wao wa pekee: pesa haitoshi kamwe, na ninyi ndio mnaoamua leo kodi ya bibi huyu ilipwe au ada ya yule mtoto. Asiyeweza kubeba uamuzi wa namna hiyo atachoka upesi. Na vyote viwili vinaingia ndani ya nyumba za watu, kwa hiyo asiye na kifua cha kutunza siri asijiunge na kimojawapo.

Gharama ya Legio kwa pesa ni ndogo kuliko karibu vyama vyote. Kwa muda ndiyo ghali. Lakini kuna mlango wa pembeni wasioujua wengi: wanachama wasaidizi, ambao hawahudhurii mikutano wala kutumwa kokote. Wanasali rosari na sala za Legio kila siku, mahali walipo. Mzee asiyeweza kupanda ngazi, au mtu anayesafiri kila wiki, anaweza kuwa mwanachama wa kweli kwa njia hiyo.

Msomaji wa Kenya analijua hili, wa Tanzania pengine halijui: kuna kanisa huru liitwalo Legio Maria lililoanzia Nyanza katika miaka ya 1960. Si chama hiki. Ukimwambia rafiki yako wa Kisumu kwamba umejiunga na Legio, mfafanulie.

Wenye kupenda watoto

Parokia ina upungufu wa watu wazima kwa watoto kuliko mahali pengine popote, na sababu yake ni kwamba kazi hii haina ujanja wa kukosa. Mwanakwaya akikosa, wenzake wanaimba. Katekista akikosa, watoto 40 wamekaa chini ya mwembe wakirushiana mawe.

Katekista anafundisha wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, watoto wa Komunyo ya Kwanza na wa Kipaimara, kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kwenye vigango, makanisa madogo ya parokia, visivyopata padre kila Jumapili ndiye anayeongoza ibada. Posho, pale inapokuwepo, ni ya kutia chumvi tu. Kwa hesabu hiyo ni kazi nzito kuliko zote ambazo mlei, muumini asiye padre wala mtawa, anazifanya, na mwaka 2021, tarehe 10 Mei, Papa Fransisko aliifanya kuwa huduma rasmi ya Kanisa zima. Usiingie kwa sababu umeombwa na paroko ukashindwa kukataa. Ingia kama unaweza kuahidi mwaka mzima, na kama uko tayari kusoma. Mtoto wa darasa la 4 anauliza maswali kuhusu Utatu Mtakatifu ambayo hayajibiwi kwa kumwambia anyamaze.

Mlezi wa Utoto Mtakatifu ana kazi nyepesi kidogo. Shirika hili lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo la watoto kuwasaidia watoto wenzao: Salamu Maria moja kila siku, na kisarafu kidogo kila mwezi. Kwa mlezi maana yake ni nyimbo, maigizo, michezo, kuwapeleka watoto kumtembelea mwenzao aliyelazwa. Anayejua kuchekesha atafaulu kuliko anayejua kuhubiri. Walezi mkiwa 3 au 4 mnapokezana, kwa hiyo mwenye kazi ya kuajiriwa anaimudu. Wanaowalea watumishi wa altare nao wana mpangilio kama huo, ila wajue taratibu za Misa mpaka kwenye kushika chetezo cha ubani.

Popote utakapowekwa na watoto, uliza kama kuna taratibu za ulinzi wao na uzisome. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto kwenye chumba kilichofungwa, na namba za wazazi ziwe mahali panapojulikana. Kama ofisi inashangaa kuulizwa, uliza tena.

Vijana, akina mama, akina baba

Kwa vijana hakuna kizungumkuti. Mwanafunzi wa shule ana TYCS, wa chuo ana TMCS, aliyemaliza au anayefanya kazi ana VIWAWA. Mizizi yao mingi imo katika kazi ya Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyekuja kuwa kardinali, na mbinu yake ya kuona, kuamua, kutenda. VIWAWA ya parokia yako ikiishia kwenye michezo na safari za ufukweni, hatua ya kwanza imefanyika na mbili bado.

WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanzishwa mwaka 1972, ina nguvu kuliko chama chochote parokiani, na mwanamke Mkatoliki anahesabiwa humo hata kabla hajaingia ukumbini. Kinachobaki kuamua ni kiasi cha kushiriki. Wana semina, hija, vikundi vya kukopeshana, kazi za mikono. Wana pia vitenge vya sherehe, na hapo mfuko hujua. UWAKA ya akina baba ni changa kwa nguvu, na kwenye parokia nyingi inaishi kwa jasho la wachache. Baba anayetaka mahali ambapo mchango wake utaonekana mara moja aende huko, maana viti ni vingi kuliko watu.

Halmashauri, na kazi zisizotangazwa

Wako wanaotamani kuanzia juu, kwenye halmashauri ya walei. Kwanza, njia yake inapita jumuiya na kanda, yaani kundi la jumuiya kadhaa za jirani. Ukiwa huonekani Jumamosi alfajiri hakuna atakayekutaja kwenye uchaguzi. Pili, elewa unaingia wapi. Kanuni ya 536 ya Sheria ya Kanisa inasema halmashauri ya kichungaji ina kura ya ushauri tu, na paroko ndiye mwenyekiti wake. Kamati ya fedha, kwa kanuni ya 537, ni lazima iwepo katika kila parokia, nayo pia ni ya kumsaidia paroko. Nimeona watu hodari, mameneja kazini kwao, wakikwama humo kwa hasira kwa sababu walidhani ni bodi ya wakurugenzi. Anayefaa ni yule anayeweza kutoa hoja nzuri, ikakataliwa, na Jumapili akaja kupanga viti.

Muda wa uongozi ni miaka kadhaa, vikao ni vya jioni au Jumapili baada ya Misa, na simu hazina saa. Usiingie ukiwa na mtoto mchanga au unajenga nyumba.

Kwa upande wa pili wa halmashauri zipo kazi ambazo hazitangazwi kabisa, nami nazipenda kuliko vikao. Timu ya kuhesabu sadaka, ambayo inabaki ofisini wengine wakienda kula, inahitaji watu waaminifu wanaoweza kuhesabu sarafu bila kuzungumza. Fundi wa mitambo ya sauti anakumbukwa siku kipaza sauti kinapopiga mluzi katikati ya mahubiri. Kuna wanaopamba altare na kubadili vitambaa kwa majira: zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Krismasi na Pasaka, kijani kwa wiki nyingi za mwaka, nyekundu ya Pentekoste na mashahidi, maua mara nyingi wananunua wao. Kuna muuguzi anayekaa karibu na mlango kwenye Misa za sikukuu kwa ajili ya wanaozimia. Mhasibu, mwanasheria, fundi umeme au bomba hahitaji kuomba chama kimpokee. Aende ofisini aseme, "Baba paroko, ninajua kazi hii, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi nina nafasi." Hakuna paroko atakayemfukuza.

Nani aende wapi

Anayefanya kazi kwa zamu: jumuiya anapoweza, usomaji wa masomo au kuhesabu sadaka. Mgeni mpweke mjini: kwaya, bila kusita. Mstaafu mwenye miguu mizima: Legio, maana muda ndio mtaji wake. Mwenye kipato na moyo wa huruma lakini muda mfinyu: Vinsenti. Mwalimu wa shule amechoka na watoto wiki nzima, msimpe ukatekista kwa sababu tu ni mwalimu. Mwulizeni kwanza, pengine anachotamani ni kuimba. Mama wa mtoto mchanga asalimiwe na aachwe apumzike. Jumuiya itamfuata nyumbani. Kijana anayesubiri matokeo ya kidato cha 4 ana miezi mitupu, na Utoto Mtakatifu unaijua thamani yake.

Na chagua kimoja tu juu ya jumuiya. Kila parokia ina yule mtu aliye kwenye kwaya, Legio, kamati ya ujenzi na kikundi cha maombi cha karismatiki kwa wakati mmoja, anayefika kila mahali amechelewa na kuondoka kabla ya sala ya kufunga. Mshika mawili moja humponyoka, na yeye ameshika manne.

Kuingia na kutoka

Kama umehamia, beba barua ya utambulisho kutoka parokia ya zamani, upeleke jumuiyani kwanza. Kisha omba kuhudhuria kikao au zoezi kama mtazamaji kabla ya kuandika jina. Vyama vyenye afya vinakubali, na vingine, kama Legio, vina kipindi cha majaribio kwa kanuni. Ukiwa humo, zungumza na katibu na mweka hazina kuliko mwenyekiti. Mwenyekiti atakueleza malengo. Hao wawili watakueleza saa na shilingi.

Siku ya kuondoka nayo ina adabu yake, na ndiyo inayoharibika zaidi. Watu hawaagi, wanaacha tu kujibu simu, na kikundi kinabaki hakijui kama kimhesabu au kimfute. Mwambie kiongozi wako mapema, walau mwezi mmoja. Rudisha sare ya chama, makabrasha ya nyimbo, kadi za michango, ufunguo wa kabati la sakristia. Kama ulikuwa na daftari au fedha, zikabidhiwe mbele ya shahidi na makabidhiano yaandikwe, hata kama ni elfu kumi. Kisha Jumamosi inayofuata nenda jumuiyani kama kawaida. Ukitoka kwenye chama hujatoka mtaani, na kwa zamu hiyo huenda ni nyumba yako watakaposali.